Mikono Nyuma ya Mgongo

Mtaani kwao, mtu alipotaka kusema kwamba kitu kimetakata hasa, alisema kimepita kwa Spiriti. Spiriti alikuwa kinyozi. Jina hilo lilitokana na chupa aliyoiweka kando ya kioo, ambayo kwayo alifuta meno ya mashine, vitana, brashi na hata mikono ya kiti kila kichwa kimoja kilipoondoka na kabla kingine hakijaketi. Mteja mwenye haraka alilazimika kungoja harufu ipungue. Mwashi mmoja, mteja wa miaka mingi, alizoea kumtania kwamba iko siku atamfuta yeye mwenyewe na kumtundika msumarini pamoja na taulo. Kinyozi alicheka pamoja na wengine, lakini moyoni alijisikia kama mtu aliyesifiwa. Wako wanaojivunia nguvu zao, na wako wanaojivunia ukoo; yeye alijivunia kwamba hapana aliyewahi kutoka dukani mwake na upele.

Kwa hiyo vidonda vya binti yake vilimwumiza mara mbili: kwanza kama baba, kisha kama Spiriti.

Binti mwenyewe aliitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule, na ngozi yake ilikuwa imesahau kazi ya kupona. Mtoto mwingine akijikwaruza ukutani, mkwaruzo hukauka na kesho hata mama yake haukumbuki. Wa Chiriku ulianza kwa wekundu, ukavimba, ukatunga usaha, kisha ukajifunika ganda la rangi ya asali ambalo kucha zake zililibandua kabla ya wakati. Goti likifunga, kiwiko kinafungua. Mbu akimwuma shingoni, keshokutwa pana jipu. Zahanati walimpa dawa za kunywa, vidonda vikakauka, baba akashukuru; halafu mtoto akateleza akiruka kamba, mambo yakarudi palepale. Shuleni, watoto walipofanya duara, hapana aliyetaka mkono wake. Siku moja, akiwa anavuliwa sare, aliuliza kwa sauti ileile ya kuulizia kwa nini mawe hayaoti:

"Baba, mimi naoza?"

Kinyozi alimwambia haozi, akageuka upande wa dirisha, akajifanya anatafuta pamba.

Mama wa mtoto alifariki mtoto angali ananyonya, na tangu hapo mzigo wa malezi uliangukia mabega ya mama mkwe. Mama huyo alikuwa amefua mashuka ya hospitali tangu ujana wake hadi alipostaafu. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa kukamua, na ngozi ya mikono imepasukapasuka na kuingia madoa, kwa maji ya moto na sabuni kali ya miaka hiyo yote. Alikaa chumba kimoja, kona ya pili kutoka dukani. Kinyozi alimpelekea mtoto asubuhi kabla ya shule na kumchukua jioni. Huko Chiriku alioga, akala, akasukwa, na mchana akalala kwenye jamvi la bibi, ubavuni kwa paka mzee mwenye jicho moja.

Mtu anayetafuta wa kumlaumu hakosi kuona. Kinyozi aliona jamvi. Aliona paka. Aliona, hasa, ile mikono yenye madoa ikimega chakula na kumtia mtoto mdomoni. Kwa muda hakusema neno, maana mzaa chema ni mzaa chema, na yako maneno ambayo hata yakifika kooni huambiwa yarudi. Lakini siku goti la mtoto lilipovimba hata mguu ukagoma kukunjika, maneno yalikataa kurudi. Na hayakusubiri faragha.

Alimkuta mama mkwe kwenye bomba la mtaa, mahali ambapo ndoo zilipangwa mstari na wenyewe wamekalia madumu yao. Mkuu wa mahali pale alikuwa mwanamke waliyemwita Mama Foleni, ambaye hakuajiriwa na mtu yeyote kusimamia zamu, ila hapana aliyekumbuka bomba lile lilivyoendeshwa kabla yake. Mbele ya wote hao kinyozi alisema kwamba kuanzia siku ile mtoto hatakwenda tena kwa bibi. Kwamba amechoka kusafisha jioni kinachochafuliwa mchana. Na kwamba ni vizuri mtu aitazame mikono yake kabla ya kumshika mtoto wa mtu. Akamalizia kwa kusema kikulacho ki nguoni mwako. Hakupaza sauti. Alisema kwa ule upole wa kumweleza mteja kwamba kichwa chake kina mba, na upole huo ndio uliofanya kila mtu asikie.

Mtoto wa mtu. Mtoto wa binti yake yeye.

Mama mkwe aliitazama mikono yake upande wa juu, kisha viganjani, akaitazama kama vitu ambavyo mtu amemwekea mapajani bila kumwuliza. Baadaye akaiinua ndoo yake iliyojaa nusu, akaondoka. Mama Foleni alisema foleni isogee, na foleni ikasogea.

Tangu siku ile Chiriku akitoka shule alikuja kukaa kwenye benchi la dukani, akiwasimulia wateja mambo ambayo hawakuyauliza, na kazi ya vidonda ikawa ya baba peke yake. Aliifanya kwa moyo wote na kwa namna ya kazi yake. Vinyozi wa rika lake wana imani na jiwe la shabu, lile jiwe jeupe linalong'aa kama barafu iliyoganda vizuri, ambalo hulowanishwa na kupitishwa penye mkato wa wembe ili damu ikate. Lake halikukaa dukani pamoja na vifaa vingine. Alitembea nalo mfuko wa shati, limefungwa kitambaani. Kila asubuhi alinyoa kidevu chake akalipitisha hapo, na mteja akikatwa alimpitishia lilo hilo. Kisha alikuwa na mazoea ya kung'oa nywele za puani kwa koleo dogo, kwa kuwa kinyozi mwenye unywele unaochungulia puani ni sawa na mshonaji mwenye kiraka. Na panapong'olewa hubaki kijipele, nacho alikipapasa kwa kidole siku nzima bila kujua. Jioni, kwa vidole vivyo hivyo na jiwe lilo hilo, alimsafishia mtoto wake vidonda. Kila kitu maishani mwake alikifuta kwa spiriti, isipokuwa shabu. Shabu ni dawa, na nani aliyewahi kusikia dawa ikioshwa?

Vidonda havikupungua. Viliongezeka. Kinyozi aliwaeleza wateja kwamba huo ni uchafu wa zamani unaotoka, kwamba mwili unajisafisha.

"Uchafu gani huo," mwashi aliuliza kutoka kitini, kidevu kikiwa kimejaa povu, "ambao haujui kwamba umeshahama nyumba?"

Watu walicheka. Kinyozi alimwambia atulie asije akakatwa.

Kisha jipu likaota pajani kwa Chiriku, mtoto akachemka homa, na mdomo usiojua likizo ukanyamaza kabisa. Ukimya huo ulimtisha baba kuliko homa. Akafunga duka mchana kweupe, akambeba hadi hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri wa kuweza kuwa mdogo wake. Alilipasua jipu, akalisafisha, akachukua kwa kijiti chenye pamba usaha kidogo wa kwenda kupimwa. Kisha akaketi na kuuliza maswali kwa utaratibu, kama mtu anayefungua fundo bila kukata uzi. Vidonda vinasafishwa na nani? Kwa kitu gani? Kinyozi, kwa fahari ambayo baadaye ilimchoma kila alipoikumbuka, alitoa kitambaa mfukoni, akakifunua juu ya meza.

Daktari alilitazama jiwe pasipo kuligusa. "Hili linagusa nini kingine, baba?"

Akajibu. Na alipokuwa akijibu, aliyasikia majibu yake mwenyewe: kidevu changu, asubuhi, wateja, mchana, magoti yake, jioni. Daktari alichukua kijiti kingine, akamwomba ainue kichwa, akakizungusha ndani ya tundu za pua yake, pale penye kijipele.

Majibu yalipotoka siku chache baadaye, kilichokuwa kwenye usaha wa mtoto kilikuwa kilekile kilichokuwa puani mwa baba. Daktari alimweleza kwamba watu wengi wazima wenye afya njema wanaishi na vijidudu hivi puani na havijawadhuru. Kwamba hutembea kwa vidole, kwa taulo, kwa chochote kinachotumiwa na wawili. Na kwamba kwa mtoto wa namna hii mkwaruzo mdogo ni mlango ulioachwa wazi. Kinyozi alilitumia neno uchafu, daktari akalikataa. Alisema hapo hapana uchafu wala hukumu, ni majibu ya maabara tu. Hata hivyo baba aliuliza, akitazama sakafu, kama haiwezekani kwamba yeye naye aliambukizwa na mtu, tuseme bibi wa mtoto.

"Mtoto hajakaa kwa bibi tangu lini?"

Alimwambia.

"Na vimezidi tangu hapo au vimepungua?"

Daktari hakungoja jibu. Aliandika dawa ya kunywa ya mtoto, na marhamu ya kupaka puani kwa kila anayemshika, wote kwa wakati mmoja, ili mmoja asipone na kuambukizwa upya na mwenzake. Alisisitiza taulo la peke yake, kucha fupi, mikono ioshwe kabla na baada, kidonda kifunikwe wala kisiminywe. Kama mtoto atarudi kukaa na bibi, bibi naye apake. Jiwe alimshauri alitupe, na wateja wasipitishiwe tena jiwe moja.

Njiani, mtoto akiwa amelala begani, kinyozi hakuwaza vijidudu. Aliwaza duka. Aliwaona watu wakipita mbele ya mlango wake wakifunika vichwa, akasikia namna jina lake litakavyotamkwa, kwa kuvutwa na kwa kicheko nyuma yake. Aliwaza pia bomba, na maneno aliyoyasema pale, kila moja kwa sauti yake. Hata hivyo aliazimia. Kabla hajafika nyumbani alikuwa amelitunga sentensi kwa sentensi jambo atakalomwambia mama mkwe.

Alimkuta mlangoni kwake akichambua mchele katika ungo. Mama mkwe alisimama, akamkaribisha kama kwamba wameonana jana, akaingia kumtolea kigoda. Kinyozi aliketi. Aliulizia afya, akaulizwa ya mtoto, akaeleza habari ya jipu. Kisha akatoa ile tyubu ya marhamu.

"Daktari amesema tupake sote, Mama. Puani. Wewe pia."

Hakuna uongo hapo. Ulikuwa ukweli mtupu, ila umekatwa kichwa, na alijua tangu unatoka mdomoni kwamba kiwiliwili kilichobaki hakitatembea kuelekea kwake, bali kwa huyo mama.

Mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza.

"Basi nilikuwa ni mimi," alisema. "Nisamehe, baba. Sikujua."

Hapo ndipo palipokuwa pahali pa zile sentensi zote. Kinyozi alifungua kinywa. Paka alipita kati yao, kuku wa jirani akalia, na kinywa bado kiko wazi. Kisha likatoka jambo ambalo hakulitunga njiani wala popote.

"Yameisha, Mama," alisema.

Alimsamehe.

Dawa zilifanya kazi yake. Jiwe alilitupa chooni. Vidonda vya Chiriku vilikauka kimoja baada ya kingine, ngozi mpya ikaja nyororo na nyeupe kidogo, na mtoto akarudi kushinda kwa bibi. Mtaa, ambao hauhitaji kuelezwa ili uelewe, ulielewa: bibi ndiye aliyekuwa na ugonjwa, ametibiwa, mtoto amepona. Pale bombani Mama Foleni alianza kuiweka ndoo ya bibi kando ya mstari, mwisho, na waliokuja baada yake waliisuuza koki kwanza. Bibi hakulalamika. Alikuja jua likiwa kali, wakati watu ni wachache. Dukani, kinyume chake, benchi lilijaa. Mwashi mwenyewe alikiri kwamba amekosea, kwamba kinyozi ana jicho, kwamba ameuona ugonjwa kabla ya daktari. Kinyozi alisema si kitu. Alisema hivyo kila aliposifiwa, na watu wakaongeza unyenyekevu katika orodha ya sifa zake. Kioo kilikuwa mbele yake tangu asubuhi hadi jioni, naye akajifunza kunyoa akiwa amekitazama kichwa cha mteja tu.

Angeweza kuendelea hivyo. Aibu, kama viatu vinavyobana, mtu huizoea akipunguza mwendo. Lakini siku moja umeme ulikatika, akafunga mapema, akaenda kumchukua mtoto kabla ya saa yake.

Chiriku alikuwa anakimbia uani kumfuata paka. Alijikwaa kwenye kamba ya kuanikia, akaanguka kwa viganja. Kilikuwa kitu kidogo, mkwaruzo wa mchanga na tone la damu. Aliinuka, akamkimbilia bibi yake mikono imenyooshwa mbele, kama watoto wote wanavyokimbia wakiwa na jambo la kulia.

Bibi alirudi hatua nyuma. Mikono yake yote miwili akaipeleka nyuma ya mgongo.

"Usinishike, mama," alimwambia, kwa sauti ya kubembeleza. "Kanawe pale kwenye beseni, kwa sabuni. Jifute kwa taulo lako. Halafu umngoje baba, yeye atakutia dawa."

Mtoto alisimama na viganja vyake hewani. Hakulia. Alikuwa ameshazoea, hilo ndilo lililomtoa kinyozi pumzi. Alikwenda kwenye beseni, akanawa kwa uangalifu, naye bibi akimwelekeza kutoka mbali, hapo katikati ya vidole, hapo tena. Bibi alipogeuka, kinyozi aliiona ile mikono. Ilikuwa nyekundu, imechubuka hadi kwenye vifundo, na uani pote palinuka dawa ya kung'arishia mashuka.

Alishindwa kukaa kigodani. Aliketi chini, pale kwenye mchanga, mgongo ukiegemea ukuta.

"Mama," alisema, "hukuwa wewe. Ni mimi. Vilikuwa puani mwangu, na kwenye lile jiwe."

Mama mkwe alimtazama kwa huruma, kama mtu anayesikiliza maneno ya kufarijiwa. Akaanza kusema kwamba haina haja, yamekwisha. Kinyozi alitikisa kichwa. Ilimbidi aseme na ile sehemu ya pili, ambayo ndiyo iliyokuwa nzito.

"Nilipimwa, Mama. Siku ile nakuletea dawa, nilikuwa tayari ninajua."

Kinyozi hakuthubutu kutazama juu ya usawa wa pindo la gauni la mama mkwe.

"Ulijua," mama mkwe alisema.

"Nilijua."

"Na ukanisamehe."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, kinyozi angepata mahali pa kujishikiza. Alilisema polepole, akilipima, na alipomaliza aliitoa mikono nyuma ya mgongo, akaiangalia tena kama alivyoiangalia siku ile bombani. "Nimeamka kila asubuhi nikiiogopa," alisema. "Nimeosha maiti ya mama yake kwa mikono hii, nikaogopa kumsuka mtoto wake."

Chiriku alikuwa amekuja na kusimama kati yao, akidondosha maji. Bibi aliinama, akavishika vile viganja vidogo, akavigeuza kwenye mwanga, akaupuliza mchanga uliobaki. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko mkwaruzo ulivyohitaji. Kisha, bado ameinama, alisema na mkwewe bila kumtazama. Alimwambia asiende kuyasema mitaani. Duka likifungwa mtoto atakula nini? Yeye ni mtu mzima, ameshazoea kuchota wa mwisho, na maji ya mwisho ni maji.

Nafuu ilimpanda kinyozi kifuani kabla hajaizuia, kama mafuta yanavyopanda juu ya maji. Aliinua macho, na akakuta mama mkwe anamtazama usoni. Alikuwa ameiona nafuu ile.

Kinyozi aliinuka, akajikung'uta mchanga, na hakuaga.

Bombani ilikuwa saa ya foleni ndefu, jua limepoa na ndoo zimejipanga hadi kwenye kona. Walimpisha, wakidhani ana haraka ya duka. Alisimama kando ya koki, pale aliposimama mara ya kwanza, akasema kwamba ugonjwa wa mtoto ulitoka kwake mwenyewe na si kwa bibi. Sauti ilitoka ndogo, na maji yalikuwa yanaanguka kwenye ndoo tupu kwa kishindo.

Mama Foleni alifunga koki.

"Rudia," alisema. "Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia. Safari hii alieleza yote: pua, jiwe, majibu ya hospitali, na kwamba alijua na akamwacha mama mkwe ajione mkosaji. Alikuwa amejiandaa kuchekwa, na kicheko kingemsaidia. Hapana aliyecheka. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe aliyenyolewa jana yake, akamwinamisha kichwa, akaanza kuipekua ngozi kwa ncha za vidole.

"Na mashine?" aliuliza, bila kuinua macho. "Mashine nazo zina hivyo vitu?"

Kinyozi alimweleza jinsi zinavyofutwa, na daktari alivyosema kuhusu mikono. Mwingine akauliza kuhusu taulo. Mwingine, ambaye mwanamume wake alikatwa sikioni miezi michache iliyopita, akauliza kama naye alipitishiwa jiwe lile. Alijibu kwamba alipitishiwa. Foleni ilikuwa ndefu na kila mtu ndani yake alikuwa na swali, na kinyozi alisimama pale akijibu moja moja, mpaka maswali yalipokwisha na Mama Foleni akafungua maji.